Bledi nimeziuza, sasa napiga Ping G425

Kwa miaka miwili nilibeba fimbo za gofu za chuma ambazo hazikuwa saizi yangu. Zilikuwa bledi za Kijapani, mtumba safi kabisa, nilizouziwa na mtu aliyeniapia kwamba ndizo wanazopiga mapro. Hakudanganya. Ila mimi handikapu yangu (kipimo cha kiwango cha mchezaji, ndogo ndiyo bora) ilikuwa 27.

Tuliokuwa tukicheza nao walinionea haya kuniambia. Kedi, yaani mbeba mfuko wangu, ndiye aliyesema, siku moja pale uwanja wa gofu wa Lugalo, Dar es Salaam, baada ya namba tano yangu kutambaa kwenye nyasi kama panya: "Bosi, fimbo hizi ni za wale watu wa handikapu moja, mbili. Wewe zinakuonea bure."

Bledi ina uso mdogo, na uzito wake umerundikana nyuma ya sehemu isiyozidi sarafu. Ukiipata sehemu hiyo, raha yake haisemeki, hata mkono haujui kama umegonga kitu. Ukikosea kidogo tu, kichwa kinajipindua, mpira unaanguka njiani, na vidole vinawaka moto. Aina ya pili ni fimbo zilizochimbwa mgongoni, chuma kikahamishiwa kwenye kingo, hivyo hata ukigonga pembeni kichwa hakiyumbi sana. Karsten Solheim, injinia mzaliwa wa Norway aliyeanzisha Ping kule Marekani, ndiye aliyeupa umaarufu mtindo huo. Eye 2 zake zilitoka 1982 na mpaka leo utazikuta kwenye mifuko ya wazee.

Safari hii sikununua kwa kuangalia. Niliazima namba saba ya Ping G425, fimbo ya aina hiyo ya pili, kwa rafiki, nikaenda nayo uwanja wa mazoezi pamoja na saba yangu. Kila mpira niliuchora mstari wa maka peni, nikauweka mstari ukiwa wima na ukiutazama uso wa fimbo. Ukigonga, wino unabaki usoni: unakuonyesha umegonga wapi, na kama mstari umelala ujue fimbo haikai sawa chini kwa kimo chako. Nikapiga mipira thelathini kwa kila fimbo. Alama zangu zilitapakaa uso mzima, ncha hadi kisigino, kwa fimbo zote mbili. Yaani mpigaji ni yuleyule. Tofauti ni kwamba ile ya mgongo uliochimbwa ilinisamehe, mibaya yangu ikawa inafika karibu na mizuri.

Wino ukanionyesha jambo lingine. Mimi ni mrefu, na bledi zilikuwa zikigusa ardhi kwa ncha kwanza, ndiyo maana mipira yangu mingi ilikimbilia kulia. Ping huweka doti ya rangi karibu na shingo ya fimbo: nyeusi ni ya kawaida, bluu imesimama zaidi. Nikatafuta seti ya mtumba yenye doti ya bluu, namba sita hadi pichi (fimbo ya mipira mifupi inayofuata namba tisa), mpini wa chuma ulioandikwa R, yaani wa ugumu wa kawaida, kwa sababu swingi yangu si ya kasi. Namba nne na tano sikuzitaka hata bure. Nafasi zao nimewapa haibridi mbili, mchanganyiko wa fimbo ya chuma na ya mbao. Mfuko unaruhusiwa fimbo 14 tu, kwa nini nibebe nisizoziweza?

Sasa msidanganyike na umbali. Saba yangu ya zamani ilikuwa ikienda mita 120 nikiipata vizuri, hii inafika 135. Nilitamba wiki nzima. Kisha nikasoma vipimo: uso wa saba hii umelala nyuzi 30, wakati bledi za zamani saba huwa karibu na 35, na uso ukilala kidogo mpira huenda mbali zaidi. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mita hizo ni namba tu iliyoandikwa chini ya fimbo. Na hapo ndipo niliponaswa kwa kutopiga hesabu: pichi ya seti hii ni nyuzi 44 na nusu, na fimbo yangu ya kutolea mpira mchangani ni 56. Katikati pana pengo, na kila nikibakiza mita 85 nilikuwa sina cha kupiga. Ikabidi ninunue fimbo ya kuziba pengo hilo, weji ya nyuzi 50, bajeti ikapasuka.

Uzuri wa sura usiutarajie. Ukiiangalia kutoka juu ukingo wake ni mnene, na aliyezoea bledi ataiona kama mwiko wa ugali. Mimi nilizoea baada ya raundi tatu. Handikapu imeshuka hadi 22, ingawa masomo niliyochukua kwa kocha nayo yamechangia, siwezi kuzipa fimbo sifa zote.

Bledi nimeziuza zote kasoro ile namba saba. Hiyo naenda nayo mazoezini, napiga mipira kumi ya mwanzo. Nikiisikia ile raha mara mbili kati ya kumi, kedi wangu anapiga makofi.