Uzoefu Wangu na Rangi za Maji Mombasa: Karatasi Kwanza, Rangi Baadaye

Kwa miezi kumi na minne sasa nimekuwa nikijifunza kuchora kwa rangi za maji hapa Mombasa, na katika muda huo nimenunua visanduku viwili vya rangi, karatasi za aina tatu na brashi nyingi kuliko nilizohitaji. Ninamwandikia mtu anayetaka kuanza na ambaye hana fedha za kupoteza. Mimi nilianza kwa kununua vitu visivyofaa kwa mpangilio usiofaa, nikakaribia kuiacha sanaa yenyewe kabla sijajua kosa lilikuwa wapi.

Kisanduku cha kwanza nilikipata katika duka moja la vitabu na vifaa vya shule mjini. Kilikuwa na rangi 24, brashi moja ya nywele ngumu, na bei ambayo haikumtisha mtu. Nilichukua pia daftari la michoro wanalotumia wanafunzi. Jumamosi iliyofuata nilikaa Ngomeni, kwenye kivuli cha mti, nikiutazama ukuta wa Fort Jesus, ngome ambayo Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa mawe ya matumbawe. Ukuta huo umepigwa na upepo wa bahari kwa zaidi ya miaka 400, na ukiutazama kwa makini huoni rangi moja bali manjano ya udongo, waridi iliyofifia, kijivu na weusi wa ukungu uliokaukia pale maji ya mvua yanapoteremkia. Ndiyo maana niliutaka. Baada ya nusu saa karatasi yangu ilikuwa imejikunja kama kaimati iliyoanguka, maji yametuama mabondeni, na kila nilipopitisha brashi mara ya pili nyuzi za karatasi zilinyanyuka na kuviringika kama taka za kifutio. Nikaamini kwamba mkono wangu ndio mbovu.

Miezi miwili baadaye mdogo wangu aliniletea kutoka Nairobi kisanduku kidogo cha Cotman chenye vidonge 12 vya rangi kavu, ambacho Winsor & Newton huwatengenezea wanafunzi. Kampuni hiyo ilianzishwa London mwaka 1832. Rangi zilikuwa nzuri tangu siku ya kwanza: zilikubali maji upesi, zilitoa nguvu kwa mguso mdogo wa brashi, na hazikuacha unga juu ya karatasi. Hata hivyo, juu ya daftari lile lile la shule, ukuta wangu uliharibika kama ulivyoharibika mara ya kwanza. Hapo ndipo nilipoanza kuishuku karatasi.

Karatasi ya kawaida hutengenezwa kwa nyuzi za mbao, nayo ni nyembamba. Karatasi inayofaa kwa rangi za maji huwa na uzito wa takriban gramu 300 kwa mita moja ya mraba, na iliyo bora kabisa ni ya pamba tupu, iliyotiwa jelatini ili maji yasizame upesi. Jelatini hiyo ndiyo inayokupa muda: rangi hubaki juu kwa dakika kadhaa, unaweza kuisogeza, kuilainisha ukingo, au kuinyonya kwa brashi iliyokamuliwa ukiona umekosea. Nilinunua jani moja zima la Arches, karatasi ya Kifaransa ambayo historia ya kiwanda chake inaanzia 1492. Bei ya jani hilo moja ilizidi ya kisanduku changu cha kwanza pamoja na daftari lake, na nilipolipa moyo ulinidunda. Lakini jani zima lina sentimita 56 kwa 76. Nikalikata vipande vinane vya sentimita 28 kwa 19, na kwa kuwa pande zote mbili zinachoreka, nikapata nafasi kumi na sita za kujifunza. Ukiigawa bei kwa kumi na sita, haitishi tena.

Kisha nilifanya jaribio ambalo ningemwomba kila anayeanza alifanye kabla ya kununua rangi za ghali. Niliuchora ukuta ule ule mara mbili siku moja: kwanza kwa rangi za Cotman juu ya daftari la shule, halafu kwa rangi za kisanduku cha bei nafuu juu ya karatasi ya pamba. Mchoro wa pili ulikuwa bora, wala si kwa kiasi kidogo. Rangi za bei nafuu zilikuwa dhaifu, nililazimika kuzisugua sana, lakini zilitiririka, zilichanganyikana polepole, na ukingo wa kivuli ukatoka laini kama nilivyouona kwa macho. Mzee mmoja aliyekuwa ameketi barazani karibu nami aliniita, nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akavitazama vyote viwili kwa muda mrefu. Akauliza, «Mwanangu, ukuta huu mbona umeutia buluu?» Nikamwambia, «Ni kivuli, babu.» Akautazama ukuta wenyewe, kisha mchoro, akasema, «Kweli, mna buluu mle.»

Buluu aliyoiona ni ultramarini, ambayo zamani ilisagwa kutoka katika jiwe la lapis lazuli na tangu karne ya 19 hutengenezwa viwandani. Kwenye lebo huandikwa PB29, na alama hiyo ni ile ile kwa kampuni yoyote. Kwa mchoraji wa Mombasa sidhani kama kuna rangi yenye manufaa zaidi. Ukiichanganya na ile ya kahawia nyekundu iitwayo burnt sienna unapata kijivu kinachoweza kuegemea kwenye joto au kwenye baridi kadiri unavyoongeza moja au nyingine, na kijivu hicho ndicho kivuli cha vichochoro vyetu saa nne asubuhi. Isitoshe, chembe za ultramarini hutua ndani ya vishimo vya karatasi zinapokauka na kuacha mchengachenga mdogo, kwa hiyo jiwe la matumbawe hujichora lenyewe bila wewe kuhangaika na kila tundu. Ongeza manjano ya udongo na nyekundu moja, na umemaliza. Kati ya vidonge 12 ninatumia sita tu kila wiki. Kile cheupe sijakigusa, kwa kuwa weupe wa tanga la ngalawa au wa kanzu hutokana na karatasi uliyoiacha wazi, na lazima uamue mahali pake kabla ya tone la kwanza kuanguka.

Kuhusu brashi sina maneno mengi. Moja ya mviringo, namba 8, ya nywele za kutengenezwa, inatosha mwaka mzima, mradi ukiichovya majini na kuikung'uta nywele zake zikusanyike na kuwa ncha moja. Usiisimamishe ndani ya kikombe cha maji, kwani ncha hupinda na mti wake huvimba.

Mbinu iliyonichukua muda mrefu zaidi ni ile ya kutia rangi juu ya karatasi iliyolowa, ambayo hutumika kwa anga na kwa maji ya mbali. Maelezo mengi niliyosoma yameandikwa na watu wa nchi za baridi na kavu, nao husema ngoja dakika kadha wa kadha. Dakika hizo hazina maana hapa. Wakati wa kaskazi, nikiwa nje saa sita mchana, karatasi hukauka kabla sijageuka kuchukua rangi. Wakati wa masika, ndani ya nyumba, karatasi hiyo hiyo hubaki na unyevu hadi chai ipoe. Nilichojifunza ni kuacha saa na kutazama mng'ao. Uso wa karatasi ukimeta kama kioo, rangi itakimbia ovyo. Mng'ao ukitulia ukawa kama wa ngozi iliyopakwa mafuta kidogo, huo ndio wakati wa kutia mawingu. Mng'ao ukitoweka lakini karatasi ikawa bado na ubaridi ukiigusa kwa mgongo wa kidole, ondoa mkono wako kabisa, kwa sababu ukiongeza brashi yenye maji wakati huo, maji mapya husukuma chembe za rangi pembeni na kuacha doa lenye ukingo wa mapindopindo kama koliflawa. Nina mawingu mengi ya namna hiyo katika bahasha yangu, na yote yalitokana na haraka. Kuongeza tabaka la pili pia kunataka karatasi iwe kavu kabisa, na kidole hicho hicho ndicho kipimo.

Kwa mpako mpana ulio sawa, kama ukuta mmoja mrefu, inamisha ubao kidogo, lowesha brashi vizuri, vuta mstari wa kwanza hadi rangi ijikusanye chini kama ushanga mrefu wa maji, kisha uuteremshe ushanga huo mstari kwa mstari bila kurudi juu. Ukifika mwisho, ufyonze kwa brashi iliyokamuliwa. Tia rangi yenye nguvu kuliko unavyodhani inafaa, kwa maana ikikauka hufifia.

Hewa yetu ya chumvi na unyevu ina mambo mawili ambayo hakuna muuzaji aliyenionya. Rangi za maji hushikanishwa kwa gundi ya miti ya migunga, ile ambayo Sudan huiuza kwa wingi kuliko nchi nyingine, na gundi hiyo ni chakula kwa ukungu. Niliwahi kufunga kisanduku kikiwa bado na unyevu mwezi wa Mei, nikakisahau wiki mbili, nikakuta manyoya meupe juu ya vidonge. Siku hizi hukiacha wazi usiku kucha kabla ya kukifunga. Karatasi nayo, ikikaa mahali penye unyevu, jelatini yake huharibika na rangi huzama kwa madoadoa, kwa hiyo vipande vyangu viko ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa pamoja na vile vipakiti vya kukausha vinavyokuja na viatu vipya. Situmii maji ya kisima cha nyumbani, ambayo ni ya chumvi. Chumvi ikinyunyizwa juu ya rangi mbichi hutoa nyota nzuri, lakini nyota hizo nataka zitoke pale ninapozitaka.

Sijakitupa kisanduku cha kwanza. Nilichora mistari ya rangi zake na za Cotman kwenye kipande kimoja cha karatasi, nikafunika nusu kwa kadi, nikakibandika kwenye dirisha linaloelekea mashariki kwa miezi mitatu. Nilipoifunua kadi, mistari ya Cotman ilikuwa sawa pande zote mbili. Katika kile cha bei nafuu, waridi na zambarau zilikuwa zimebaki kama doa la chai. Kwa hiyo rangi hizo ninazitumia kwa mazoezi tu, juu ya karatasi nzuri, na mpwa wangu wa miaka tisa anazitumia pamoja nami kila Jumapili. Mchoro wa ukuta niliompa shangazi nilimchorea kwa zile nyingine, na nikamwomba autundike kwenye ukuta usiopigwa na jua la asubuhi.