Nimepika tacos al pastor mara 4 nyumbani: achiote ya boksi ndio, kile chuma cha kusimamisha nyama hapana

Jamani hii nawaandikia hasa nyie mlioko huku Marekani, mnaokula tacos al pastor (vile vichapati vidogo vya mahindi vya Kimexico, yaani totila, vyenye nyama ya nguruwe ya viungo) kila wikendi halafu mnajiuliza kama zinapikika nyumbani. Zinapikika, tena zinatoka tamu kabisa. Mi nipo Chicago na tangu baridi ianze nimezipika mara 4, mara mbili za kwanza kwa kile chuma cha kusimamisha nyama kwenye oveni ambacho nilikiagiza mtandaoni kwa dola 29, mara ya tatu bila chuma, na ya nne nikarudia tena bila chuma makusudi niwe na uhakika na ninachowaambia. Ya chuma nitayasema lakini naanza na achiote kwa sababu bila hiyo unapika nguruwe wa kawaida tu, hata uwe na vyuma kumi.

Achiote ni zile mbegu nyekundu ambazo mtu wa Unguja akiziona atasema mbona hii ni zingefuri? Ndio yenyewe. Ni mzingefuri ule ule ambao kwenye mashamba ya viungo Zanzibar wanapasua tunda lake wageni wanapakwa mdomoni kama lipstiki. Mti asili yake ni Amerika ya kitropiki, na kule Yucatán, Mexico, wanazisaga hizo mbegu na kitunguu saumu, siki, chumvi na viungo vingine mpaka inakua kama udongo mwekundu wa mfinyanzi, wanaukanda wanaukata vipande wanauza kwenye viboksi vidogo vya gramu 100. Mi natumia ya El Yucateco, naipata kwenye maduka ya Wamexico mtaa wa 26 kule Little Village chini ya dola 3, na boksi moja linanipikia mara mbili. Kusema kweli sijaona kitu cha bei hiyo kinachobadilisha chakula kiasi hiki. Harufu yake kama ya udongo baada ya mvua na ukali kidogo wa siki, na rangi ndo usiseme, nyama inakua ya machungwa kama ile unayoiona inazunguka kwa muuza tacos.

Ila ina masharti yake. Kwa nyama kilo 2 tumia nusu ya boksi tu, mara ya kwanza nilitia lote ladha ikawa ya vumbi, mume wangu alikula akanyamaza nikajua. Na usiipake kavu kwenye nyama, haiyeyuki, inabaki vidonge vidonge, lazima uisage kwenye blenda pamoja na siki. Halafu inashika rangi kila kitu, jagi la blenda la plastiki, ubao wa kukatia, kucha, kwa hiyo vaa glovu na usivae nguo unayoipenda.

Ukiwa hapo hapo dukani chukua na pilipili kavu aina ya guajillo. Sio kali jamani, msiogope, hii sio pilipili kichaa wala pilipili mbuzi, ina utamu kama wa tunda lililokauka na ngozi yake ni laini inang'aa. Nachukua guajillo 6 na ancho 2 (nayo ni pilipili kavu ya Kimexico), nazitoa mbegu, nazipasha kwenye fraipani kavu sekunde chache tu kila upande mpaka zinukie (zikiungua kidogo tu mchuzi wote unakua mchungu na hamna cha kuuokoa, mwaga uanze upya), naziloweka maji ya moto dakika 20. Zinaenda kwenye blenda na achiote, siki nusu kikombe, vitunguu saumu punje 6, nusu kitunguu maji, bizari nyembamba, karafuu 3, mdalasini kidogo, oregano ya Kimexico, chumvi na kipande cha nanasi. Saga mpaka iwe laini halafu chuja, hapa msifanye uvivu kwa sababu maganda ya guajillo yanakwama kwenye meno.

Kuhusu nanasi. Nanasi bichi lina kimeng'enya kinachovunja nyama, ndo maana inalainisha, lakini ukiilaza nyama nalo siku nzima inakua kama uji, haina tena kile kitu cha kutafuna. La kopo halina hiyo nguvu maana limeshapikwa kwa moto. Sasa hivi nikitaka kuilaza nyama usiku kucha natumia juisi ya kopo kwenye viungo, nanasi bichi nalichoma pembeni naliweka juu mwishoni. Kama una masaa 3 au 4 tu, bichi ni sawa.

Nyama ni ya bega, yenye mafuta. Dada mmoja wa Kimexico tunayefanya naye kazi ndo alinielekeza nisikate mwenyewe, nenda kwenye bucha lao uombe bega la nguruwe likatwe kwa mashine vipande vyembamba kabisa, chini ya nusu sentimita, wanakukatia bila neno wakisikia ni ya pastor. Hili limenisaidia kuliko hicho chuma nilichonunua, maana viungo vinaingia kila mahali.

Haya sasa chuma. Wenyewe wanaita trompo, yaani pia, ile ya watoto ya kuzungusha, kwa sababu ya umbo la nyama ikishapangwa. Wote tunaijua hiyo picha, ni shawarma! Na sio kufanana kwa bahati, walioipeleka Mexico ni wahamiaji kutoka Mashariki ya Kati, pale mji wa Puebla wakaanza tacos árabes kwa mkate kama pita, na baada ya muda kondoo wa shawarma akapisha nguruwe, zikaingia pilipili za Kimexico, achiote na totila za mahindi ikawa al pastor. Kwa hiyo msiokula nguruwe msijione mmeachwa nje, viungo hivi hivi kwa kondoo au mapaja ya kuku vinakubali vizuri sana, na wa kondoo mnarudi kwenye asili yake kabisa.

Nilichonunua ni sahani ya chuma ya duara na msumari umesimama katikati, basi. Jina silitaji maana vingi vinavyouzwa vinafanana. Kupanga nyama ni raha, unaweka kipande kinene cha nanasi chini ili isimame, unatunga vipande vya nyama kimoja juu ya kingine, kipande kingine cha nanasi juu, na watoto walipenda kuangalia. Shida zikaanza kwenye oveni. Ya kwanza ni urefu, ilibidi nitoe reki zote nibakize ya chini kabisa na bado nanasi la juu lilikua karibu na waya wa moto, kwa hiyo kabla hujanunua pima oveni yako. Ya pili, sahani yake haina kina, bega lenye kilo 2 linatoa mafuta mengi, yakafurika yakadondoka chini, moshi ukajaa jikoni na kengele ya moto ikalia saa 2 usiku mtoto amelala. Mara ya pili nikaweka sinia kubwa la oveni chini yake na ikatulia, lakini hilo sinia lingekuja nalo. Ya tatu, msumari unalegea, ukianza kukata nyama inazunguka yenyewe na kisu mkononi, sikupenda hata kidogo.

Lakini kubwa kuliko yote ni moto wenyewe. Kwa muuza tacos moto unatoka upande mmoja, mkali, nyama inazunguka mbele yake, ya nje inaungua kidogo inakatwa, ya chini yake inafuata, ya ndani kabisa inasubiri zamu yake. Oveni inapika pande zote kwa pamoja taratibu. Kwa nyuzi 175 za selsiasi ilichukua masaa 2 na robo mpaka katikati ikaiva vizuri (tumieni kipimajoto cha nyama jamani, msikadirie nguruwe kwa macho), na ilivyoiva ilikua tamu na laini lakini haina zile kingo nyeusi nyeusi zenye sukari ya nanasi. Ni nyama ya kuoka imesimama. Ikabidi niikate halafu niipitishe kwenye fraipani ya chuma iliyopata moto sana, bila mafuta, dakika mbili bila kugusa gusa, hapo ndo pastor ikatokea.

Sasa kama mwisho wa yote ni fraipani, chuma cha nini? Ndo nikajaribu bila. Nyama ile ile, viungo vile vile, nikaipanga kwenye chombo cha kuokea mkate, nikaikandamiza kwa mkono, nikafunika kwa foili nikaoka, ikapoa, ikalala kwenye friji. Kesho yake imeshikana kama tofali, nikaikata vipande vyembamba kama karatasi na kuichoma kwenye fraipani. Ilishinda ile ya chuma. Hamna mafuta chini ya oveni, hamna moshi, na unakata kiasi cha leo mengine yanaenda friza. Yule dada wa kazini nilimpelekea zote mbili bila kumwambia ipi ni ipi, akachagua hii.

Kwa hiyo achiote naipa nyota 5 na ningeinunua hata ingekua dola 10. Chuma nyota 2, moja ya muonekano mezani na nyingine kwa sababu wageni wanafurahi. Mwenye jiko la mkaa lenye mfuniko mrefu nje anaweza akaona tofauti na mimi, huko moto ni mwingine.

Totila nunueni za mahindi, ndogo, zipashwe mpaka zipate madoa, za ngano hapa hapana. Juu ni kitunguu na kotimiri zimekatwa ndogo ndogo, nanasi la kuchoma, ndimu, na chachandu ya zile nyanya za kijani zenye ganda kama karatasi. Mtu wa kitimoto ya Dar atatafuta ndizi pembeni, mi niliweka mara moja na iliendana vizuri tu.

Na yale mafuta mekundu yanayobaki kwenye chombo msimwage. Yachujeni, yawekeni kwenye chupa ya kioo friji. Jumapili asubuhi nilikaangia viazi vilivyochemshwa jana yake na kitunguu, nikavunja mayai mawili juu, watu wakaamshwa na harufu.