Sauti za Busara, Zanzibar: ingia jua halijazama

Kama una nauli ya tamasha moja tu la muziki kwa mwaka, ipeleke Zanzibar mwezi wa Februari. Sauti za Busara limekuwepo tangu 2004, ukitoa 2016 ambapo halikufanyika kwa kukosa fedha, na bado sijaona jingine linalonipa muziki, chakula na mji wenyewe kwa pamoja namna ile.

Wengi huingia Ngome Kongwe, yaliko majukwaa ya tamasha, saa tatu au saa nne usiku, wakifuata majina makubwa kutoka Afrika Magharibi na Kusini. Majina hayo ni mazuri, sikatai. Lakini nilipokwenda mimi, makundi ya visiwani yalipangwa mapema, na ukweli ni kwamba huko ndiko nilikopata nilichokifuata. Saa kumi na moja jioni uwanja bado una nafasi, unakaa karibu na jukwaa mpaka unaona vidole vya mpigaji. Ngome yenyewe si kubwa. Waomani waliijenga mwishoni mwa karne ya 17 baada ya Wareno kufukuzwa, na zile kuta nene zinaurudisha muziki kwako badala ya kuuachia upotee baharini.

Nilisimama mbele ya kundi la kidumbak na sikuondoka hadi walipomaliza. Huu ndio muziki wa maharusi ya Ng'ambo, mitaa iliyo nje ya Mji Mkongwe, ndugu wa taarab asiyevaa suti. Kuna fidla, ngoma mbili ndogo, na sanduku: sanduku la mbao limepinduliwa, fimbo imesimamishwa juu yake, uzi mmoja umefungwa toka fimbo hadi sandukuni. Mpigaji aliweka mguu juu ya sanduku, akawa anaivuta fimbo kuukaza uzi na kuulegeza, huku mkono wa pili ukidonoa. Besi iliyotoka pale niliisikia kifuani. Hakuna kinanda cha umeme kinachoweza kuiga kitu kile, na nilifurahi kwamba hakuna aliyejaribu.

Baadaye ikaja taarab asilia: kanuni (ala ya nyuzi nyingi inayopigwa imelazwa), udi (ala ya nyuzi mfano wa gitaa), nai (filimbi), fidla kadhaa, akodioni. Kwa anayeijua taarab ya siku hizi ya spika na maneno ya kuchambana, hii itamtaka utulivu kidogo. Wimbo unaanza kwa ala peke yake, mwimbaji amekaa tu, dakika zinapita. Kisha anaimba ubeti mmoja na kina mama wanainuka polepole, noti mkononi, wanakwenda kumtuza kwa mwendo wa mdundo uleule. Bibi mmoja niliyekaa naye, baada ya kunijibu marahaba, aliniambia, "Sikiliza maneno, mwanangu. Ukisikiliza ngoma tu umepata nusu." Akawa ananifafanulia mafumbo ubeti kwa ubeti. Kisiwa hiki ndicho kilichomtoa Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri kwa Kiswahili, na Bi Kidude, aliyefariki 2013, ambaye aliimba kwenye tamasha hilihili akiwa bibi mkongwe. Ukikaa na watu wa pale unaona kwamba kwao hawa ni watu wa mtaani kwao. Kilichonipa moyo zaidi ni kuona vijana, mabinti kwa wavulana, wakipiga udi na kanuni. Wengi wa aina yao hufundishwa katika chuo cha muziki cha DCMA (Dhow Countries Music Academy), kilichoanza 2002 palepale mjini.

Chakula usikitafute mbali. Ukivuka barabara tu uko bustani ya Forodhani, na magharibi ikishaingia meza zinawashwa taa. Wageni hukimbilia ile "pizza" ya Zanzibar na pweza wa kuchoma. Mimi nakushauri uanze na urojo. Mama anakuchotea mchuzi mzito wa njano wenye ukali wa embe na ndimu, anatia viazi, bajia, kachori, mishikaki, anamalizia na chatne ya nazi na chipsi za muhogo juu. "Nikutilie pilipili?" Mwambie atie. Kunywa na maji ya miwa yaliyokamuliwa pamoja na tangawizi na ndimu. Kwa samaki na pweza, uliza bei kabla hawajaweka kwenye sahani, na chagua meza inayochoma papo hapo, si inayopasha moto vya jana.

Malazi ndiyo sehemu iliyoniudhi. Nyumba ya wageni niliyoshikisha nafasi ilinipandishia bei nilipofika mlangoni, kwa sababu tu ni wiki ya tamasha. Nililipa, kwa kuwa mji ulikuwa umejaa. Shikisha nafasi mapema, lipa kabisa, na uwe na risiti. Au lala nje ya Mji Mkongwe, kule Michenzani au Kikwajuni. Utapanda daladala au utatembea kidogo, na utalipa nafuu.

Kiingilio si kikwazo kikubwa: Watanzania tunalipa chini sana kuliko wageni wa nje, ilimradi uwe na kitambulisho. Na kama hata hiyo huna, usikae nyumbani. Gwaride la ufunguzi hupita mitaani bure, na beni (bendi ya matarumbeta) na ngoma zake, na kina mama wa ngoma ya mwanandege na miavuli yao ya rangi. Vaa kwa heshima, mji ule ni wa watu wa dini na adhana inaheshimiwa hata katikati ya tamasha. Ukitokea Dar, panda boti ya asubuhi ili uwahi gwaride. Inachukua kama saa mbili, na tiketi za wiki hiyo huisha upesi.