Kilo moja ya sarafu za kale za Uingereza: nimepigwa au sijapigwa?

Jibu fupi ni kwamba nimepigwa kidogo na bado nitanunua tena. Jibu refu ndo hili.

Mimi nipo huku Uingereza mwaka wa tano sasa, na huu ugonjwa wa sarafu za zamani ulinianza juzi juzi tu baada ya mama mmoja jirani kunipa peni nyeusi ya mwaka 1936 aliyoikuta nyuma ya droo wakati tunamsaidia kuhamisha kabati. Likitu likubwa kweli, karibu milimita 31, ukilishika unajua umeshika hela, sio hizi peni za sasa ambazo hata ikidondoka mtu hainami. Nikaanza kuperuzi usiku, na mnajua simu ikishajua umependa kitu basi kila ukiifungua ni hicho hicho, ndo nikakutana na tangazo: kilo moja ya sarafu mchanganyiko za Uingereza za kabla ya 1971, HAZIJAPEKULIWA (herufi kubwa ni zake yeye), pauni 20, usafiri pauni 4. Jina la muuzaji silitaji, wapo wengi wanaouza mzigo wa hivi na nahisi tabia zao hazipishani sana.

Kwa asiyejua kwanini 1971: mpaka tarehe 15 Februari mwaka ule pauni moja ilikuwa shilingi 20 na kila shilingi ni peni 12, yani pauni ni peni 240, na peni yenyewe inakatwa tena fathingi nne. Katikati hapo kuna florini ya shilingi mbili, nusu krauni ya shilingi mbili na peni sita, krauni ya shilingi tano, na gini ya shilingi 21 ambayo sarafu yake ilishaachwa kufuliwa miaka mingi lakini madaktari na mawakili wakaendelea kuandika bili kwa gini. Sasa jifanye wewe ndo muuza duka, mteja kanunua vitu vitatu na kakupa nusu krauni, mrudishie chenji. Shilingi hiyo ndo hii hii ambayo sisi jina lake bado tunalo mfukoni na wenyewe wameshaiacha, hilo huwa linanichekesha peke yangu.

Na mkiona kwenye matangazo mtu kaandika 6d au 3d msishtuke, hiyo d ni peni, imetoka kwenye denari ya Warumi. Mimi wiki nzima nilidhani ni daraja la ubora.

Haya, mzigo ukafika siku ya nne, bahasha nene imezungushiwa gundi ya karatasi mpaka nikatumia kisu cha jikoni. Nikaweka kwenye mzani, gramu 1000 kasoro kidogo sana, hapo sina lawama. Nikamwaga mezani nikahesabu: peni 78, nusu peni 31, zile za peni tatu zenye pembe kumi na mbili ziko 9, za peni sita 8, na fathingi moja tu iliyojificha ka yatima. Jumla 127. Harufu sasa! Mikono inanuka chuma na jasho la watu waliokufa zamani, na meza ikabaki na vumbi jeusi, kwahiyo tandikeni gazeti kwanza, mimi nilitandika kitambaa cha mezani cha mke wangu na mazungumzo yake hayakuwa mafupi.

Sasa tuje kwenye lile neno HAZIJAPEKULIWA. Ni uongo, na uongo wenyewe unaonekana bila hata miwani. Hela nyeupe za Uingereza zilikuwa za fedha halisi (yale madini, silver) asilimia 92.5 mpaka 1920 walipopunguza ikawa asilimia 50, ikaenda hivyo mpaka mwisho wa 1946, kuanzia 1947 fedha ikatoka kabisa ikawa shaba na nikeli. Kwenye mfuko wangu zile 8 za peni sita zote ni za 1948 kuja juu. Hata moja ya 1946 kurudi nyuma, hamna. Mtu akiokota tu bila kuangalia zingeponyoka moja mbili, ila hapa imepita mikono inayojua inachotafuta, fedha imeshatolewa ikaenda kuuzwa kivyake, sisi tumeletewa makapi. Na ile picha ya kwenye tangazo juu kabisa kulikuwa na nusu krauni mbili zinang'aa na shilingi ya Malkia Victoria, mimi nusu krauni sijaiona hata ya dawa. Nilipomwandikia akajibu kistaarabu tu kwamba picha ni ya mfano. Ya mfano ya mfuko wa nani sasa, maana sio wangu.

Kwahiyo ukinunua kwa akili ya kubahatisha fedha humo ndani, acha, hela yako itakuuma. Ila mimi baada ya hasira kuisha nikakaa na zile peni 78 jioni tatu mfululizo na hapo ndo nikaona pauni 24 zangu zimeenda wapi.

Peni za bronzi zilianza 1860, na ukubwa wake na uzito wake haukubadilika mpaka mwisho, gramu 9.4 na ushee. Maana yake ya Victoria na ya Elizabeth zilikaa mfuko mmoja, mtu wa mwaka 1970 alikuwa anaweza kupewa chenji yenye peni ya miaka mia moja na asishangae. Kwangu zimetoka 7 za Victoria, 5 za Edward wa Saba, 24 za George wa Tano, 13 za George wa Sita na 29 za Elizabeth, na katika hizo 29 kumi na saba ni za mwaka 1967! Hizo za 1967 zilifuliwa kwa mamia ya mamilioni, yani hata ukizitupa zinarudi zenyewe, mtu asikuuzie hata kama imeng'aa vipi.

Nikazipanga kwa mstari kufuata wafalme. Jamani, jaribuni hili jambo. Victoria anaangalia kushoto, Edward wa Saba kulia, George wa Tano kushoto, maana ni desturi yao kila mtawala mpya anageukia upande mwingine na aliyemtangulia. Halafu unafika George wa Sita, naye kushoto. Nikadhani nimekosea kupanga. Kumbe katikati pale kuna mtu hayupo, Edward wa Nane, aliyeingia Januari 1936 na Desemba hiyo hiyo akaachia ngazi, sarafu zake za humu Uingereza hazikuwahi kutoka kwa wananchi, lakini wakamhesabia kana kwamba yeye ndo aliangalia kulia. Na ile peni ya jirani yangu ya 1936 ndo mwaka wenyewe huo wa wafalme watatu, ila kichwa kilichopo ni cha George wa Tano aliyefariki mwezi wa kwanza. Nilienda kumwambia yule mama, akaniambia baba yake alikuwa haongelei kitu kingine.

Upande wa pili nako usiuruke. Yupo Britannia, yule mwanamke anayewakilisha Uingereza, amekaa na ngao na mkuki wake wa meno matatu. Kwenye peni za Victoria za mwanzo, zile ambazo amefunga fundo la nywele kisogoni, nyuma ya Britannia kuna mnara wa taa upande mmoja na meli upande mwingine. Mwaka 1895 Victoria akatokea mzee na shela kichwani, mnara na meli vikaondoka, bahari tupu. Mnara ukarudi 1937, meli haikurudi. Ukishalijua hilo unaweza kukadiria umri wa peni iliyolika mpaka namba za mwaka hazisomeki, na kwangu mbili zililika hivyo, laini kama kokoto la mtoni, lakini kwa mwanga wa pembeni mnara ule unauona.

Afu nikapata ile iliyonifanya niamke kitini. Peni ya 1912, na kushoto mwa mwaka kuna kaherufi kadogo H. Hiyo H ni kiwanda binafsi cha Heaton cha Birmingham, serikali ilikuwa inakipa tenda pale kiwanda chao cha London kinapozidiwa. Utajiri sio, zilifuliwa mamilioni, wenzake wanaotafutwa zaidi ni za 1918 na 1919 zenye KN, kiwanda cha Kings Norton, kulekule Birmingham. KN sikupata na sishangai, aliyetoa fedha yote atashindwaje kutoa KN. Lakini hii H aliiacha, sijui alisinzia au aliona haina maana kwake, na mimi sijali, nimeiweka peke yake.

Na kabla hamjaniuliza, ya 1933 sikupata. Mwaka ule mabenki yalikuwa na peni za kutosha kwahiyo hazikufuliwa za matumizi, zilitengenezwa chache tu nyingine zikawekwa chini ya mawe ya msingi ya majengo, leo zinazojulikana ni kama saba, na mwaka 1970 watu walichimba jiwe la msingi la kanisa moja Leeds wakaiba ya pale. Ukiona mtu anakuuzia ya 1933 kwa bei ya kutupa basi ni feki au ana matatizo na polisi.

Kosa langu mimi mwenyewe nalisema. Moja katika zile za fundo la nywele, 1862, nzuri tu ya kahawia iliyokolea, nikaitia kwenye siki usiku ing'ae. Asubuhi nikakuta kitu cha rangi ya waridi ka kidonda kinachopona. Ile kahawia ndo ngozi yake, imejijenga miaka mia na sitini, ukishaitoa hairudi na mkusanyaji yeyote akiiona anaisukuma pembeni. Usioshe. Ukishindwa kabisa na uchafu, maji ya uvuguvugu na tone la sabuni, kausha kwa kugusagusa bila kusugua. Dawa ya meno, ndimu, brashi ya chuma, wekeni mbali kabisa. Na msihifadhi kwenye vile vifuko vya plastiki laini ya PVC, vinatoa ute wa kijani unakula sarafu taratibu, bahasha ndogo za karatasi zinatosha kwa kuanzia.

Ili niwe na kitu cha kulinganisha nilienda pia duka moja la sarafu maeneo ya jirani na British Museum, London. Pale ni dunia nyingine. Unapiga kengele ndo mlango unafunguliwa, mzee wa makamo kavaa kikoti, anakuuliza unakusanya nini, na ukimwambia ndo unaanza hakucheki. Akanitolea trei, akanipa lenzi yake, akaniacha nusu saa nzima. Nikachukua moja tu, ya peni sita ya 1887, pauni 12. Bei ya nusu ya kilo yangu yote ya mtandaoni! Lakini ina kisa: mwaka ule wa jubilei ya Victoria wakaitoa na ngao mgongoni bila kuandika thamani yake, ikawa inafanana na nusu sovarini ya dhahabu, wajanja wakaipaka dhahabu wakaenda kulipia nayo shilingi kumi. Serikali ikaiondoa haraka ikarudisha ile iliyoandikwa peni sita. Nimeuliza kama ya kwangu iliwahi kupakwa, mzee akaigeuza geuza akasema hapana, hii ilikuwa mwaminifu. Ni fedha kweli, gramu 2.8, na umepewa risiti, ikitokea shida unajua pa kurudi.

Ukitoka hapo ingia British Museum chumba namba 68, ndo chumba cha hela, bure kabisa. Nenda asubuhi.

Sokoni Jumamosi ndo pa kuwa macho. Kuna meza moja walikuwa wanauza krauni za Victoria pauni kumi kumi kila moja, nikatoa kasumaku kangu ka mlango wa friji, ikanata paa. Krauni halisi ya fedha haiwezi kunata na inatakiwa iwe gramu 28, ile ukiishika tu ni nyepesi. Muuzaji akaniangalia, mimi nikamwangalia, nikaondoka zangu. Na krauni ya Churchill ya 1965 msiuziwe kama mali, zilifuliwa zaidi ya milioni 19 na hazina hata chembe ya fedha.

Kwa mfuko wa kilo: uzito nyota tano, usafiri nyota nne, ukweli wa tangazo nyota moja na hiyo moja ni kwa sababu kweli zote zilikuwa za kabla ya 1971. Kwa anayeanza, hasa mwenye watoto wa shule, natoa tatu na nusu, maana ni peni unazoweza kuzishika, kuzidondosha na hata kuziharibu kwa siki bila kulia. Anayetaka fedha au anayefikiria uwekezaji aende dukani na hela yake. Mimi nimeshamwandikia yule yule muuzaji kuulizia kilo ya nusu peni tupu, zile za kuanzia 1937 zenye meli ya Drake, yule nahodha wao wa zamani, na safari hii nimemwomba apige picha ya mfuko wenyewe. Ameisoma tangu Jumanne, hajajibu.