Chandarua cha Kwenda Nacho Bandani: Tazama Pindo Kwanza

Juni iliyopita, skuli zimefungwa na masika yamekwisha, tulikwenda ufukwe wa Vumawimbi, kaskazini ya Pemba, mimi na dada yangu na watoto watano, tukalala mabandani siku mbili. Samaki tulinunua kwa wavuvi palepale ufukweni. Jioni watoto waliwatazama popo wa Pemba wakitoka upande wa msitu wa Ngezi, wakubwa kama kunguru. Kilichotuharibia safari ni chandarua.

Nilikinunua mjini wiki moja kabla, cha mwavuli, chenye pete juu, kwa shilingi 35,000. Usiku wa kwanza nikakitundika kwenye boriti, pindo likaishia usawa wa godoro, hakuna cha kuchomekea. Nikairefusha kamba. Pindo likafika chini, lakini sasa pete ikawa juu ya vichwa vyetu tu na kitambaa kikalala juu ya miguu ya mwanangu. Asubuhi nilihesabu alama kumi na tisa kwenye mguu mmoja wa mtoto wa miaka minne. Mbu hakuhitaji kuingia ndani. Alikaa nje, akapitisha mdomo wake kwenye tundu, akanywa.

Tangu hapo kila anayeniuliza anunue chandarua gani cha safari, naye huanza na rangi au ulaini wa kitambaa, mimi humuuliza: pindo lake lina urefu gani?

Chukua godoro la inchi 6, ambalo ni kama sentimita 15. Chandarua kinachopatikana sana kina kimo cha sentimita 150. Ili pindo likae chini ya godoro lisichomoke mtoto akigeuka, unataka sentimita 25 za kuchomekea, kama shubiri moja na zaidi kidogo. Toa 15, toa 25, zinabaki 110. Kwa hiyo kamba zifungwe sentimita 110 juu ya godoro, si zaidi, na mtu mzima bado anakaa kitako ndani bila kugusa juu. Ukifunga kwenye boriti kama ilivyo, utapata kile nilichopata mimi. Na upana usiulinganishe na kitanda. Wauzaji wetu wanauza kwa namba za kitanda, nne kwa sita, tano kwa sita, na wengi wanashona sawasawa na namba hiyo. Kwa kitanda cha nne kwa sita nunua cha tano kwa sita au cha sita kwa sita, ili kitambaa kikae mbali na viwiko na magoti.

Ninachokipenda mimi, na sitaficha, ni Olyset, chandarua cha dawa ya mbu, ya pembe nne, ya sentimita 190 kwa 180 kwa 150. Zimekuwa zikitengenezwa Arusha, nyuzi zake ni za plastiki ngumu, na dawa imechanganywa ndani ya uzi wenyewe, inatoka kidogo kidogo hadi juu, kwa hiyo haiishi kwa kufuliwa mara mbili. Misumari ya bandani na ncha za makuti hazikichani kirahisi. Matundu yake ni mapana kuliko ya vyandarua vyengine, upepo unapita, na usiku wa joto Pemba hilo ni jambo kubwa. Wanaokilaumu husema kinakwaruza, na ni kweli hakina ulaini. Lawama ya haki ni usubi: ukilala karibu na mikoko, wale wadogo wanaweza kupita. Mimi bado ninakichagua, kwa sababu kina dawa, na mdudu anayegusa uzi ule huenda asitoke salama.

Cha pili ni PermaNet, ya poliesta, laini, matundu madogo zaidi. Kwa banda lililo karibu na mikoko ningechukua hii. Iangalie na misumari tu. Ikikwama ukaivuta, imekwisha.

Cha tatu ni kile cha kujikunjua kama hema, chenye waya na zipu. Bandani hakihitaji boriti wala kamba, na kikiwa na sakafu yake ya kitambaa habari ya pindo imekwisha. Lakini zipu na hewa ya chumvi hazipatani, vingi nilivyoviona havina dawa, na vingi ni vyembamba mno kwa mama na watoto wawili.

Cha mwavuli nakiweka mwisho. Cha kitambaa chepesi cha tuli, kinachoshonwa na fundi, ni rahisi kwa bei. Kama huna jengine, mwambie akuongezee pindo.

Sasa hawa wauzaji. Nilirudi dukani na chandarua changu, nikakipima mbele ya muuzaji. Pakiti inasema kimo sentimita 250, futi ya fundi jirani inasema 205. Jibu nililopewa: "Bi mkubwa, kikishafunguliwa hakirudi." Nitajuaje kimo bila ya kukifungua? Dada mmoja wa Chake Chake ameniandikia yaleyale, kwa duka jengine, na yeye alikuwa na mtoto mchanga. Kinachoniuma zaidi ni kuona dukani vyandarua vya dawa ambavyo serikali inavigawa bure, vile tunavyopewa kwa kuponi ya sheha, vimewekewa bei. Kuna mzazi kijijini analala bila ya kile. Kama hujapata chako, nenda kwa sheha wako kwanza kabla ya kutoa pesa.

Na usiniambie malaria imekwisha Zanzibar. Imeshuka hadi chini ya asilimia 1 ya watu, alhamdulillahi, na vyandarua vimechangia kuishusha.

Chandarua kipya cha dawa kitundike kivulini siku nzima kabla ya kulala ndani yake. Kifue kwa maji baridi ya kisima na sabuni ya kipande, si maji ya bahari, kisha ukianike kivulini, kwa sababu jua linaiua dawa. Begini tia kamba nne za nailoni, mita mbili kila moja, maana boriti za banda haziko pale unapozitaka, na futi ya kupimia. Dukani omba kifunguliwe, upime kimo mbele ya muuzaji. Akikataa, toka.

Mwezi wa Disemba tunarudi Vumawimbi na Olyset tatu. Kamba nimeshazikata, na kila moja nimeifunga fundo pale sentimita 110 zinapofika, nipimie kutoka kwenye godoro.