Sizoni ya madaktari niliyojaziwa kwenye flashi, na jino la mdogo wangu

Hasira hii ninayo tangu kabla ya mvua kuanza, leo acha niitoe. Ni kuhusu sizoni ya madaktari iliyotafsiriwa kwa Kiswahili, niliyojaziwa kwenye flashi katika maktaba moja ya muvi hapa Moshi, upande wa Mbuyuni. Sizoni siitaji jina, maktaba pia siitaji. Mwenyewe akisoma atajijua.

Mama yangu hajui Kiingereza, kwa hiyo kwake muvi ni sauti ya mtafsiri. Na jamaa sauti anayo, nisimnyime haki yake. Mama alikuwa akisikitika na kumwombea kila mgonjwa. Tukafika pale binti mmoja anapoanguka kwenye korido ya hospitali, mwili umekakamaa, povu linamtoka. Manesi wawili wanamkandamiza sakafuni, daktari anamchomeka kitu mdomoni. Mtafsiri akapaza sauti: "Pepo limempanda! Leteni kijiko, atameza ulimi huyo!"

Mdogo wangu ana kifafa tangu darasa la tatu. Alikuwa amekaa nasi hapo hapo kwenye mkeka. Aliinuka kimya kimya, akaenda kulala bila kula.

Hazikupita siku nyingi, akaanguka jikoni, mimi niko sokoni. Aliyekuwepo ni mtoto wa dada yangu, yuko kidato cha kwanza. Akamkalia kifuani na kumshindilia mwiko wa ugali katikati ya meno. Nilimkuta mdogo wangu damu zimejaa mdomoni, jino la mbele limekatika, na mtoto analia kuliko mgonjwa: "Mamdogo, nilikuwa naogopa atameza ulimi." Ningemgombezaje? Alimwona daktari mwenye koti jeupe akifanya hivyo hivyo.

Ulimi haumezwi, jamani. Nesi wa kliniki ametufundisha miaka yote: ondoa jiko na kila kinachoweza kumuumiza, weka kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, mgeuze alale ubavu, usimkandamize, usimtie kitu chochote mdomoni, kisha angalia saa. Zikipita dakika 5 hajatulia, au akianguka tena kabla hajazinduka, mkimbize hospitali. Hayo mtafsiri angeyasema kwa pumzi moja tu, pale pale alipopachika pepo lake.

Nikarudi maktaba. Nilikwenda kwa adabu, nikamweleza kijana wa pale yaliyotupata, nikamwomba afikishe ujumbe kwa mtafsiri. Hata macho hakuyatoa kwenye kompyuta. "Sista, hii ni muvi. Ukitaka darasa nenda KCMC." Yaani niende hospitali ya rufaa. Waliokuwa kwenye benchi wakacheka, naye akaongeza sauti ya spika mimi bado nazungumza. Kwa hiyo spika tu, nilisema sitakanyaga tena pale, na wewe usikanyage.

Ingawa nikitulia naona si haki kumtupia mtafsiri mzigo wote. Pepo ni lake, lakini kumkandamiza mgonjwa na kumtia kitu mdomoni kulikuwa kwenye picha tangu huko ilikotoka. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dalhousie, Kanada, walieleza walichokiona baada ya kukagua sehemu 327 za tamthilia nne za hospitali. Walihesabu degedege 59, na karibu nusu wagonjwa walihudumiwa vibaya, tena wengi wakiwa ndani ya hospitali yenyewe. Basi huyu wetu alikuwa na nafasi ya kurekebisha kosa la Wazungu, akaliongezea.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba anaweza. Kwenye flashi ile ile nilikuwa nimejaziwa pia sehemu ya kwanza kabisa ya House, tamthilia ya hospitali iliyoanza kurushwa Marekani mwaka 2004. Mwalimu wa watoto anaanguka darasani, madaktari wanahangaika na ubongo wake, mwisho inaonekana ni tegu wa nguruwe, yule mnyoo mrefu bapa. Mtafsiri huyo huyo hakutaja pepo hata mara moja. Alisema tegu, akasema mayai yake, akasema na dawa ya albendazoli. Nilisimama na kikombe mkononi. Hiki ni kimojawapo cha visababishi vya kifafa huku kwetu, na sisi wa Moshi kwa kitimoto tunajijua. Nyama isiyoiva inakupa tegu tumboni. Mayai yanayotoka kwenye choo cha mtu mwenye tegu, yakipita kwenye mikono au mboga zisizooshwa, ndiyo yanayoishia kuwa malengelenge kichwani. Hata asiyeonja nguruwe maisha yake yote anaweza kuyapata.

Mama aliuliza, "Kumbe ni mdudu?" Nikamwambia wakati mwingine ni mdudu, wakati mwingine ni malaria iliyopanda kichwani, wakati mwingine mtoto alikosa hewa wakati wa kuzaliwa, na wengine chanzo hakionekani. Mdogo wangu alikuwa mlangoni, mkono umefunika mdomo, siku hizi ndivyo anavyozungumza. Akasema, "Rudisha nyuma pale anapopewa dawa."

Tumeirudia mara tatu. Sasa anataka House yote, na iliyotafsiriwa naijua kwa yule yule tu. Nimesema sikanyagi pale. Jumamosi nitakwenda.