Seti ya Dadu Saba za Resini: Kazi ya Mkono Inayostahili Bei Yake

Seti niliyoinunua kwa fundi mmoja wa Uingereza ina dadu saba, kama wanavyozihitaji wachezaji wa Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika uliochapishwa kwa mara ya kwanza mwaka 1974: dadu ya pande 4, ya 6, ya 8, mbili za pande 10 ambazo moja husomwa kwa makumi, ya 12 na ya 20. Ni za buluu iliyokolea yenye chembe za rangi ya dhahabu, na kingo zake zimeachwa kali. Bei yake ni mara kadhaa ya bei ya seti ya kiwandani, nami naiona ni halali.

Fundi huchanganya resini ya epoksi, yaani plastiki ya majimaji, na kigumishi kinachoigandisha, kwa uwiano maalumu, humimina mchanganyiko katika kalibu za silikoni, kisha huziweka kalibu hizo ndani ya chombo cha presha, ambamo hewa iliyoshindiliwa huvibana viputo hadi visionekane kwa macho. Resini ikishakauka ndipo kazi nzito huanza, kwa sababu seti moja ina nyuso 70, na kila uso husuguliwa kwa karatasi za msasa zinazozidi kuwa laini, hata kufikia za mikroni 1 (sehemu moja ya elfu ya milimita), kabla ya namba kujazwa rangi kwa mkono. Uso mmoja ukisuguliwa kupita kiasi, umbo la dadu huharibika. Rangi ndiyo inayovutia pichani, lakini anachouza fundi mzuri hasa ni usuguaji huo.

Kwa hiyo naipima dadu kwa kalipa, kifaa cha kupimia unene, kabla ya kuisifia. Katika dadu ya pande 20, nyuso zinazotazamana hujumlisha 21, na umbali kati ya kila jozi unapaswa kulingana. Yangu imefaulu vizuri sana. Uso wa kuangaliwa kwa makini ni ule uliokuwa upande wa kifuniko cha kalibu, maana kifuniko kisipokaa sawasawa huacha uso ulioinuka. Mwulize muuzaji ni uso upi, na umwombe picha yake ya karibu. Kasoro niliyoiona ni moja: dadu ya pande 4 ina kiputo kidogo kwenye ncha, mahali ambapo hewa hupenda kunasa.

Wengi huielesha dadu katika maji yaliyokolezwa chumvi, takriban gramu 36 kwa kila mililita 100, ili waone kama namba ileile hurudi juu kila inapozungushwa. Jaribio hili hufichua uwazi mkubwa uliojificha ndani, lakini halitoshi kuthibitisha usawa kamili, na dadu yenye vipande vya metali huenda ikazama tu.

Katika utunzaji, adui wa kwanza ni jua. Mwanga wake huigeuza resini ya epoksi kuwa ya manjano, hasa ile angavu, na dawa za kinga zinazochanganywa humo huchelewesha tu mabadiliko hayo. Joto nalo ni hatari, kwani resini nyingi za aina hii huanza kulainika kwenye nyuzi 50 hadi 60 za Selsiasi. Kwa wenzangu wa Mombasa, Tanga au Dar es Salaam, gari lililoegeshwa juani si mahali pa kuziacha hata kwa saa moja. Kingo kali humeguka zikigongana na dadu za chuma, kwa hiyo zihifadhi peke yake, kila moja katika kitundu chake, na uzirushe juu ya sinia iliyotandikwa ngozi au kitambaa kizito.

Zioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini, uzifute kwa kitambaa kisichokwaruza, wala usithubutu kutumia spiriti au asetoni. Rangi ya namba ikibanduka, paka tone la rangi ya akriliki ndani ya mchoro na ufute ziada kabla haijakauka.